SOMO LA BIOLOJIA: BAKTERIA INAYOTENGENEZA PROTEINI YA UBONGO WA MTU



Katika somo hili tunataka kuongea juu ya jambo ambalo watu wengi wanalisikia kwa mbali na kuliogopa. Wataalamu wanakamata jeni ya mtu, wanaiingiza katika bakteria, na ile bakteria inaanza kutengeneza proteini ya ubongo wa mtu. Wengine wanasema ni uchawi wa kizungu. Wengine wanasema ni kushindana na Muumba. Wengine tena, hasa wale wa biokemia, wanakariri maneno yake kwa ajili ya mtihani wa Serikali, lakini ukiwauliza kazi yake ni gani, wananyamaza.

Jambo hili haliko mbali na sisi. Wakati wa Ebola, miaka ya 2018 mpaka 2020, dawa za namna hii ziliokoa watu hapa kwetu Kivu ya Kaskazini. Na kwa jirani zetu wa Uganda, proteini za watu zilizotengenezwa katika laboratwari zilitumiwa kutafuta sababu ya ugonjwa unaoharibu ubongo wa watoto wa umri wenu. Basi tusome polepole, na mwenye kalamu aandike.

1. PROTEINI NI KITU GANI?

Munapokula maharagwe, mayai ao sambaza wa ziwa letu, munakula proteini. Lakini proteini si chakula tu. Ni vyombo vya kazi vya mwili. Iko proteini inayobeba hewa katika damu, iko inayovuta nyama za mkono, iko inayopigana na mikrobi.

Kila proteini ni mnyororo, kama ushanga uliotungwa kwenye uzi. Shanga zake zinaitwa asidi-amino. Ziko za namna 20. Ukibadilisha mpangilio wa shanga, umebadilisha proteini na kazi yake. Mpangilio huo umeandikwa katika jeni, ndani ya ADN, kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Herufi tatu tatu zinaonyesha ushanga mmoja.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: maandishi hayo yanasomwa karibu kwa namna moja katika viumbe vyote. Herufi tatu zinazosema ushanga fulani katika mtu, zinasema ushanga ule ule katika mbuzi, katika muhogo, na katika bakteria. Bila jambo hilo, somo letu la leo lisingekuwako.

Sasa ubongo. Ubongo wa mtu uko na seli za neva miliari 86 hivi. Seli moja ya neva inaweza kuwa na uzi mrefu sana. Zile zinazotoka mgongoni mpaka kwenye kidole cha mguu zinapita metre moja kwa mtu mzima. Ndani ya uzi ule muna njia ndogo ndogo, na mizigo inapita juu yake mchana na usiku, kama vile chukudu zinavyoshusha viazi na makala kuja mjini. Njia zenyewe ni za proteini. Vinavyobeba mizigo ni proteini. Na kuna proteini nyingine inayoshikilia njia zisilegee, kama misumari inavyoshika mbao za daraja. Hiyo inaitwa tau. Tutaikuta tena mbele.

2. VICHWA VYA KONDOO NUSU MILIONI

Zamani, mtu aliyetaka kuchunguza proteini ya ubongo alipashwa kuitoa katika ubongo wenyewe. Kazi hiyo ilikuwa nzito. Roger Guillemin, Mfaransa aliyefanya kazi Marekani, alikusanya bongo za kondoo kutoka machinjio. Mwaka 1973 kundi lake lilitangaza kitu kilichoitwa somatostatini. Ni homoni inayotoka chini ya ubongo, na kazi yake moja ni kuzuia homoni ya kukua isitoke kupita kipimo. Ni mnyororo mfupi sana, shanga 14 tu. Mnyororo mfupi hivi unaitwa peptidi, lakini ni wa ukoo ule ule wa proteini. Kusudi kupata miligrama 5 za somatostatini, ilihitajika karibu bongo za kondoo nusu milioni. Miligrama 5 ni kama robo ya punje moja ya mchele!

Mwaka 1977, huko California, Herbert Boyer, Keiichi Itakura na wenzao walifanya kwa njia nyingine. Waliandika jeni ya somatostatini wenyewe, kwa kemia, herufi kwa herufi. Wakaiingiza katika bakteria inayoitwa Escherichia coli, ile inayoishi katika matumbo yetu. Bakteria za litre 8 hivi, kiasi kisichofika nusu ya bidoni ya litre 20, ziliwapatia karibu miligrama 5 zile zile. Hakuna kondoo aliyechinjwa.

Kwa hiyo mukumbuke: kitu cha kwanza cha mwili wa mtu kutengenezwa na bakteria kilikuwa homoni ya ubongo. Mwaka uliofuata, 1978, walitengeneza insulini, na mwaka 1982 Marekani iliruhusu insulini hiyo kutibia wagonjwa wa sukari.

3. NAMNA INAVYOFANYIKA

Munajua namna kijarida hiki kinavyochapishwa. Mwalimu anaandika stensili, stensili inawekwa kwenye mashini, na mashini inatoa karatasi moja baada ya nyingine. Mashini haijui kusoma. Ukiiwekea zaburi, inatoa zaburi. Ukiiwekea maswali ya mtihani, inatoa maswali ya mtihani. Bakteria iko vile vile: jeni njo stensili, bakteria njo mashini, proteini njo karatasi zinazotoka.

Kazi inapita katika hatua tano.

(a) Kupata stensili. Jeni ya mtu ndani ya ADN iko na vipande visivyohitajika, vimekaa katikati ya maneno. Seli zetu zinajua kuvikata, bakteria hazijui. Kwa hiyo wataalamu hawakamati jeni yenyewe. Wanakamata ARN, ambayo seli imekwisha kuisafisha, na kwa njia ya enzimu moja wanaigeuza kuwa ADN tena. Siku hizi, mara nyingi jeni inaandikwa kwa kemia tu, kwa sababu herufi zake zimekwisha kujulikana.

(b) Kuibandika. Bakteria iko na ADN ndogo ya mviringo inayoitwa plasmidi. Enzimu moja inaikata kama makasi, jeni ya mtu inawekwa pale palipokatwa, na enzimu nyingine inaunga kama gundi. Kuunga ADN za asili mbili hivi njo sababu proteini inayotoka inaitwa proteini ya mchanganyo wa jeni. Njia hiyo ilionyeshwa na Stanley Cohen na Herbert Boyer mwaka 1973.

(c) Kuiingiza. Bakteria zinawekwa katika barafu, kisha zinapashwa moto mpaka digri 42 kwa muda mfupi tu, hata dakika mbili hazitimii. Ngozi yao inalegea na plasmidi inaingia. Si zote zinazoipokea. Namna gani kutambua zile zilizopokea? Katika plasmidi wameweka pia jeni inayokinga na antibiotiki fulani. Wanamwaga ile antibiotiki: zisizo na plasmidi zinakufa, zenye plasmidi zinabaki.

(d) Kuzikuza. Bakteria zinapewa chakula na joto la digri 37, sawa na la mwili wetu. Zikiwa na raha, kila moja inagawanyika mara moja kwa dakika 20. Mufanye hesabu ninyi wenyewe: saa 10 ni mara 30. Bakteria moja inakuwa 2 kwa kipeo cha 30, ni kusema zaidi ya miliari moja. Kisha wanaweka kemikali inayofanana na sukari ya maziwa. Hiyo ni amri: sasa muanze kutengeneza.

(e) Kusafisha. Bakteria zinapasuliwa, na proteini yetu iko ndani, imechanganyika na maelfu ya proteini za bakteria yenyewe. Kwa kuitambua, wataalamu wengi wanafunga mkia mdogo kwenye mnyororo, shanga sita za asidi-amino moja inayoitwa histidini. Mkia huo unapenda kushika chuma kinachoitwa nikeli. Wanapitisha maji yote juu ya nikeli: proteini yetu inabaki, nyingine zinapita.

Kwa tau kuna njia nyingine ambayo hata mama jikoni ataielewa. Ukichemsha yai, ule ute unagandamana, kwa sababu proteini zake zinaharibiwa na moto. Proteini nyingi za bakteria zinafanya vile vile. Lakini tau haigandi kwa moto. Inabaki katika maji. Basi wanachemsha vyote, vilivyoganda vinashuka chini, na wanakamata maji ya juu.

Mwishoni proteini inagawanywa katika vichupa vidogo na kuwekwa katika baridi kali, mara nyingi digri 80 chini ya sifuri. Inagawanywa kidogo kidogo kwa sababu kuyeyusha na kugandisha mara nyingi kunaiharibu. Na juu ya kichupa kunaandikwa kwamba ni ya utafiti tu, haipashwi kupewa mtu kama dawa.

4. SABABU GANI WASIITOE KATIKA MAITI?

Mwanafunzi mwenye akili atauliza: ikiwa wanataka proteini ya mtu, si waitoe katika watu waliokufa? Ilijaribiwa. Tangu miaka ya 1950 kwenda mbele, watoto waliokosa homoni ya kukua walitibiwa kwa homoni iliyotolewa katika tezi iliyo chini ya ubongo wa maiti. Watoto walikua kweli. Lakini kati ya tezi zile zilikuwamo nyingine za watu waliokufa na ugonjwa wa ubongo unaoitwa Creutzfeldt-Jakob. Ugonjwa huo unaletwa na proteini iliyokunjwa vibaya, inayoitwa prioni, na hauonekani upesi. Unaweza kulala miaka mingi mwilini. Ulipotokea kwa vijana waliopokea sindano zile, haukuwa na dawa, na mpaka leo hauna. Katika Ufaransa peke yake zaidi ya watu 100 walikufa. Mwaka 1985 Marekani iliacha kutumia homoni ya maiti, na mwaka ule ule ikaruhusu homoni iliyotengenezwa na bakteria.

Munaona? Kile watu wanachokiita hatari, yaani jeni ya mtu katika bakteria, njo kilichoondoa hatari.

5. WATOTO WANAOTIKISA KICHWA

Sasa tufike kwenye jambo lenye uzito. Kuna ugonjwa wa watoto ambao watu wanauita ugonjwa wa kutikisa kichwa. Mara nyingi unaanza kati ya miaka 5 na 15. Mtoto yuko anakula, na kichwa kinaanza kuinama na kurudi, kuinama na kurudi, kama mtu anayesinzia. Kisha kifafa kinafuata. Wengine wanaacha kukua, wanashindwa masomo, wanaanguka katika moto ao majini. Katika Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall aliuona huko Mahenge katika miaka ya 1960, alipokuwa akitibia watu wa kifafa. Baadaye ulionekana sana Sudani ya Kusini, na katika Uganda ya kaskazini, wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo. Kwetu Kongo, vifafa vingi vimeonekana pia katika Ituri, kwa mfano katika zone ya afya ya Logo.

Mahali hapo pote pana jambo moja la kufanana: mito inayokimbia, na inzi weusi wadogo wanaozaa katika maji hayo. Inzi hao wanaleta minyoo ya onkoserkozi, ugonjwa unaojulikana kwa kupofusha macho. Lakini minyoo ile haikukutwa katika ubongo wa watoto. Sasa namna gani mnyoo wa ngozi na macho uharibu ubongo bila kuuingia?

Hapa proteini za laboratwari zilipata kazi. Wataalamu wa Marekani pamoja na wenzao wa Afrika walitumia vioo vidogo vilivyopangwa maelfu ya proteini za mtu, kila moja mahali pake. Walimwaga juu yake maji ya damu ya watoto wagonjwa, na mengine ya watoto wazima wa vijiji vile vile. Katika damu yetu muna kingamwili, yaani askari wanaoshika adui. Askari wa mtoto mgonjwa akishika proteini fulani ya mtu, ni alama kwamba mwili wake unajipiga wenyewe.

Mwaka 2017 walitangaza waliyoyaona. Katika watoto wagonjwa wengi, askari walishika proteini inayoitwa leiomodini-1, ambayo iko pia katika ubongo. Na proteini hiyo inafanana kwa sehemu na proteini ya mnyoo wa onkoserkozi. Inawezekana basi kwamba mwili unatafuta mnyoo, na kwa kukosea unapiga nyumba yake mwenyewe.

Lakini muwe waangalifu. Si watoto wote wagonjwa waliokutwa na askari hao, na watoto wazima wengine walikuwa nao. Wachunguzi wengine waliofuata hawakukubali kwamba njo sababu. Tena mwaka 2018, bongo za watoto 5 wa Uganda waliokufa zilichunguzwa, na ndani yake ilikutwa tau iliyogandamana, kama inavyogandamana kwa wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer. Je, tau ile njo iliyoleta ugonjwa, ao ni alama iliyoachwa na kifafa cha miaka mingi? Watu wa elimu wanaendelea kubishana. Tofauti kati ya sababu na alama ni jambo la kujifunza: ukikuta majivu, haimaanishi majivu njo yaliyochoma nyumba.

Na kazi haikungojea ubishi uishe. Tangu mwaka 2012 katika Uganda ya kaskazini walimwaga dawa ya kuua inzi mitoni na kugawa vidonge vya ivermektini kwa watu wote mara mbili kwa mwaka. Wagonjwa wapya walipungua sana. Kwa hiyo, mahali inapogawiwa dawa ya onkoserkozi, muimeze. Musiitupe nyuma ya nyumba.

6. TAU NA WAZEE WETU

Tau ilipatikana mara ya kwanza mwaka 1975, huko Princeton, katika ubongo wa nguruwe. Mwaka 1988 Michel Goedert na wenzake wa Cambridge walisoma jeni yake katika mtu. Ile ndefu zaidi ya ubongo ni ya shanga 441. Tangu hapo tau ya mtu inatengenezwa katika bakteria, na laboratwari nyingi zinaitumia kujifunza namna inavyoacha njia zake na kugandamana kuwa nyuzi.

Inatumiwa pia kama kipimo. Muuza mchele sokoni iko na kopo analojua kiasi chake. Bila kopo hilo hawezi kukuambia umepata kiasi gani. Vile vile, mashini ya kupima tau katika damu ya mzee inapashwa kwanza kupewa tau safi ambayo kiasi chake kinajulikana. Katika Kinshasa, wachunguzi wa Kongo na wa Marekani wamekwisha kupima damu ya wazee, wale wenye kusahau na wale wazima, kusudi kujua kama vipimo vilivyotungwa Ulaya na Marekani vinasema kweli juu ya Waafrika.

Sababu gani mambo haya yatuhusu sisi vijana? Kwa sababu katika mitaa yetu bibi akianza kupotea njia ya nyumbani, kuongea usiku, kusahau majina ya wajukuu, hakukosi mtu wa kusema ni muchawi. Wazee wamefukuzwa na hata kupigwa kwa jambo hilo. Yule bibi hana uchawi. Proteini zinagandamana katika ubongo wake. Anahitaji mtu wa kumshika mkono na kumrudisha nyumbani.

7. KIVU YETU, 2018–2020

Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3.470 waliugua, na 2.287 walikufa. Goma ilipata mgonjwa wake wa kwanza mwezi wa Julai 2019.

Dawa moja iliyotumiwa iliitwa mAb114. Historia yake ni ya kwetu. Mwaka 1995 Ebola ilikuwa Kikwit. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, na 7 kati yao wakapona. Miaka 11 baadaye, mtu mmoja aliyepona Kikwit alitoa damu yake. Katika damu ile walipata askari mwenye nguvu juu ya Ebola. Wakasoma jeni ya askari huyo, wakaiingiza katika seli zilizotoka kwa mnyama mdogo kama panya, na seli zikatengeneza askari yule yule kwa wingi. Ni njia ile ile tuliyojifunza. Mashini tu imebadilika. Walitumia seli za mnyama kwa sababu askari wa damu ni proteini kubwa, na bakteria haiwezi kumtengeneza sawasawa.

Tangu Novemba 2018 mpaka Agosti 2019 dawa nne zilijaribiwa katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kwa wagonjwa 681. Kati ya waliopewa mAb114, 35 kwa 100 walikufa. Kati ya waliopewa ile ya zamani iliyoitwa ZMapp, 50 kwa 100. Nayo REGN-EB3 ilikuwa karibu sawa na mAb114. Waliofika mapema walipona zaidi. Lakini wakati ule ule uvumi ulikuwa unasema kwamba wauguzi wanaingiza ugonjwa katika watu, na wengine walificha wagonjwa wao. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa hospitalini Butembo akiwa katika kazi ya kupigana na Ebola.

Uvumi ule haukuanza na watu wabaya tu. Watu waliokwisha kuteseka kwa vita miaka mingi hawaamini upesi mgeni anayekuja na sindano. Lakini nani angeweza kuwaelezea kwa lugha yao, jioni, karibu na mbabula? Ni mtu kama wewe, aliyesoma biolojia na kuielewa.

8. JE, NI KUSHINDANA NA MUUMBA?

Wengine wanauliza kama bakteria yenye jeni ya mtu imekuwa mtu. Hapana. Karatasi moja iliyonakiliwa kutoka kitabu kikubwa haikuwa kitabu. Mtu iko na jeni karibu 20.000, na hata zote pamoja hazielezi roho yake. Bakteria imepokea moja tu.

Tena kazi hiyo iko na mipaka, na anayejisifu kama muumba ataaibishwa nayo. Ndani ya ubongo, tau inapewa nyongeza ndogo ndogo za fosfati, na katika Alzheimer zinapita kipimo. Bakteria haijui kuweka nyongeza hizo. Kwa hiyo tau ya laboratwari si sawa kabisa na tau ya babu yako. Wataalamu wanapashwa kuongeza enzimu, na bado wanakuta tofauti. Anayesoma kazi hizi vizuri hajivuni; anashangaa, kama Daudi alivyoshangaa juu ya mwili wake katika Zaburi ya 139.

Juu ya kifafa, wengi wanataja mtoto wa Marko sura ya 9 na kusema kila kifafa ni pepo. Tusome pia Yoana sura ya 9. Wanafunzi walitaka kujua nani alifanya zambi hata mtu akazaliwa kipofu, na Yesu hakukubali swali lao. Kuomba kwa ajili ya mgonjwa ni kazi yetu. Kumunyima dawa, kumufunga kamba ao kumuondoa masomoni, hiyo si imani.

Mwenzetu akianguka na kifafa, tufanye hivi:
– Kuondoa mawe, moto na vitu vya kukata karibu naye. Munajua mawe yetu ya volkeno yanavyokata.
– Kuweka kitu laini chini ya kichwa, na kulegeza kola.
– Kumugeuza ubavu kusudi mate yatoke. Mate yake hayaambukizi kifafa, musiogope kumugusa.
– Kutotia kijiko, kidole wala maji katika kinywa, na kutomukandamiza.
– Kuangalia saa. Ikipita dakika 5, ao akianguka tena kabla ya kuamka, apelekwe hospitali upesi.
– Akiamka, abaki na mtu, na asichekwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Sababu gani bakteria inaweza kusoma jeni ya mtu?
2. Eleza sababu ya kutumia ARN pahali pa jeni yenyewe.
3. Bakteria moja inagawanyika kila dakika 20. Zitakuwa ngapi baada ya saa 4? Na baada ya saa 6?
4. Tofautisha sababu na alama kwa mfano wa tau katika ubongo wa watoto wa Uganda. Kisha toa mfano wako wa maisha ya kila siku.
5. Sababu gani homoni ya bakteria ilikuwa salama kuliko ile ya maiti?
6. Ya kujadiliana darasani: dawa iliyotoka katika damu ya mtu wa Kikwit inatengenezwa ngambo. Ebola ikirudi, nani anapashwa kuipata kwanza, na nani aamue?

Majibu ya swali la 3 yapelekwe kwa mwalimu wa biolojia yakiwa na hesabu yote. Swali la 6 mulipeleke pia nyumbani, muwasikilize wazazi.